Bibi Yetu na Fedha ya Ndizi

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya familia katika chakula cha jioni cha harambee ya mwaka, Dar es Salaam)

 

Kamati ilitutaka tuseme maneno machache juu ya Bibi yetu, aliyelala mwaka jana. Tulipewa dakika kumi na tano. Yeye mwenyewe angesema tano zinatosha, kisha angekaa saa nzima akiuliza habari za mtoto wa kila mmoja wenu.

Jina lake hatutalitaja, na wenye kumfahamu hawatashangaa. Miaka ile kanisa la mtaa lilipoezekwa upya, majina ya wachangiaji yalipakwa rangi kwenye ubao mlangoni. Bibi aliona lake, akamwomba mzee wa kanisa alifute. Alipoona linachelewa kufutwa alikwenda mwenyewe na kitambaa na mafuta ya taa, rangi ikiwa bado mbichi. Alama ya pale alipofuta ilibaki miaka mingi, na kwa sababu hiyo kila mtu alijua ni jina la nani.

Alizaliwa Machame kabla KNCU haijaanzishwa, na KNCU ilianza mwaka 1933. Tarehe hakuijua. Alichojua ni kwamba alibatizwa akiwa mchanga, na kwamba kwao Ukristo ulikuwa umeshafika kizazi cha pili. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwaondoa Wajerumani, na kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya kazi ya mitaani ikabaki mikononi mwa walimu wetu wenyewe. Baba yake Bibi alisomeshwa na mmoja wa walimu hao. Ndiyo maana hakupenda kusikia kwamba dini ni ya wazungu. Alikuwa akijibu kwamba wazungu waliileta, wakaenda zao, na waliobaki wakiilea ni watu wenye majembe.

Shule aliishia darasa la nne. Alianza kusoma kwa Kichaga, Kiswahili kikafuata, na Biblia aliyoitumia hadi mwisho ni ya ile tafsiri ya pamoja iliyotoka mwaka 1952. Jalada lake lilishonwa mara mbili kwa uzi wa kushonea magunia ya kahawa. Hakuwahi kusoma kimyakimya. Hata akiwa peke yake jikoni alisoma kwa sauti, ng'ombe upande wa pili wa ukuta wakisikiliza, nasi wajukuu tulioletwa likizo tulilala tukisikia habari za Samweli na Hana bila kujua kama anatusomea sisi au anajisomea mwenyewe.

Vijana waliozaliwa mjini huenda hawajui jinsi fedha ilivyogawanyika katika nyumba ya Kichaga. Kahawa ilikuwa ya baba. Mama alipalilia, alichuma, alimenya, aliosha na kuanika, lakini siku ya malipo kwenye chama cha msingi aliyetia saini ni baba. Ndizi, maziwa na mayai vilikuwa vya mama. Fedha ya kahawa ilikuja kwa msimu, ikawa nyingi kwa siku chache. Ilisomesha watoto, iliezeka nyumba kwa bati, na nyingine (wazee wetu mtatusamehe) iliishia kwenye mbege. Fedha ya ndizi ilikuja kila siku ya soko, kidogo kidogo. Bibi aliondoka alfajiri na mkungu kichwani juu ya ngata, akashuka hadi soko la Kwasadala, akaupanda mlima ule ule jioni na chumvi, mafuta ya taa, na mara nyingi mzigo wa majani ya ng'ombe juu yake.

Baada ya mazishi, sisi tunaofanya kazi ya uhasibu mjini tulikabidhiwa sanduku lake la bati. Ndani mlikuwa na madaftari 31 ya shule. La kwanza lilianza mwaka wa Uhuru, la mwisho liliishia pale macho yake yalipokataa. Kila ukurasa una mistari mitatu iliyopigwa kwa rula ya mtoto: ndizi, maziwa na mayai. Chini yake kimeandikwa kilichotoka. Miezi hakuijali sana. Alitumia kalenda ya kanisa: Majilio ya pili, Matawi, ya tisa baada ya Utatu. Ilituchukua wiki tatu za jioni kuyapanga kwa miaka. Tumekagua vitabu vya watu wenye vyeti vingi ukutani, na vichache vimenyooka hivi.

Kwa mtu wa hesabu, madaftari yale yanasema jambo ambalo hatukulisikia likisemwa kanisani. Wanaume wa mtaa walikuwa wakitoa ahadi kubwa, za kulipwa kahawa ikiuzwa. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika. Malipo yakachelewa, na ahadi zikasubiri pamoja nayo. Tena mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya mgawo wa kahawa yalipovunjika, bei ikaanguka, na wapo waliong'oa mibuni wakapanda nyanya. Katika vipindi vyote viwili mstari wa ndizi wa Bibi haukuruka Jumapili hata moja. Tuliwauliza mama wenzake walio hai mshahara wa mwinjilisti wa mtaa ulitoka wapi miezi ile. Walicheka. Walisema walikuwa wakikusanyana baada ya ibada, nyuma ya kanisa, kila mmoja na alichopata sokoni, kisha wanampa mzee wa kanisa naye anatangaza kwamba mtaa umejitahidi. Ubao wa majina haukuwahi kuandikwa kwa ajili ya fedha hiyo.

Kuna ukurasa mmoja ambao tulijadiliana sana kama tuuseme hapa. Shangazi yetu mwenyewe, ambaye yuko nasi leo meza ya mbele, ndiye aliyesema tuuseme, na tuuseme wote.

Mwaka 1974 Shangazi alipata mimba akiwa nyumbani, hajaolewa. Alikuwa na miaka 18. Kwa utaratibu wa usharika wa siku zile alitengwa na Meza ya Bwana, na mtoto hangebatizwa mpaka mama yake arudi kundini. Mtoto alizaliwa njiani usiku, katika mvua za masika, juu ya machela, kabla wabebaji hawajaifikia barabara ya gari. Bibi alikuwa nyuma na taa ya chemli. Safu za wiki hiyo hazina mauzo, zina neno moja tu: "mvua". Sadaka ya Jumapili yake ipo. Huyo mtoto ndiye kaka yetu mkubwa, na amekaa pale karibu na mama yake. Msimame muone alivyo mrefu.

Jumapili ya kwanza ya ushirika baada ya hapo, wanawake wa benchi la tatu walisimama kwenda mbele. Bibi hakusimama. Jumapili iliyofuata hakukaa benchi la tatu. Alikaa la mwisho karibu na mlango, mahali walipokaa waliotengwa, pembeni ya binti yake. Wazee wa kanisa walikuja nyumbani kumwambia kwamba yeye hana kosa, arudi mahali pake. Aliwapa chai. Akawaambia, "Mimi ndiye niliyemlea. Kama yeye hafai kula, mpishi wake atakulaje?" Waliondoka, wakarudi mara ya pili wakiwa na mchungaji, wakapewa chai tena na jibu lile lile.

Hali hiyo ilikwenda mwaka mmoja na miezi minne. Kijana aliyehusika hakuitwa mbele hata siku moja. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, na aliendelea kuimba. Bibi hakuhama usharika, wala mbele ya watoto hakumsema mchungaji vibaya. Lakini katika daftari, tangu Jumapili ile, upande wa sadaka kuna mistari miwili badala ya mmoja. Wa kwanza umeandikwa "mimi", wa pili umeandikwa "binti". Alikuwa anakwenda Kwasadala na mkungu wa pili.

Siku ya kurudi kundini ilipofika, Shangazi aliitwa kusimama mbele peke yake, kama ilivyokuwa desturi. Bibi alinyanyuka nyuma kule, akatembea kanisa zima, akasimama karibu naye. Mchungaji alisubiri akae. Hakukaa. Ibada ikaendelea hivyo hivyo. Daftari la siku hiyo lina neno moja chini ya mistari ya sadaka: "Tumekula."

Babu alifariki mwaka 1986, na ukoo ukakaa kuhusu kihamba. Mnajua mila yetu: kihamba ni cha wana wa kiume, na kitindamimba ndiye anayebaki na nyumba ya baba. Bibi aliomba Shangazi apewe kipande cha juu ya mfereji, chenye migomba na nyumba ndogo. Mzee mmoja akasema binti hana kihamba. Bibi hakubishana naye. Alimwomba, kwa kuwa alikuwa msomaji mwenye sauti nzuri, awasomee wote kitabu cha Hesabu mlango wa 27, habari za binti za Selofehadi waliosimama mbele ya Musa kudai urithi wa baba yao. Mzee akasoma. Alipomaliza akasema, na alisema kweli, kwamba wale hawakuwa na ndugu wa kiume, ila huyu anao wanne.

Bibi akakubali. Akasema, "Basi kila mmoja wa hao wanne aseme hapa, mbele ya ukoo, atamlisha dada yake na mtoto kwa kiasi gani kila mwezi. Mimi nitaandika." Akatoa daftari kwenye kanga, na kalamu.

Waliokuwepo wanasema kilipita kimya kirefu. Aliyevunja kimya ni baba mdogo, mwenye kurithi nyumba, aliyesema dada apewe shamba. Kabla ya giza masale yalikuwa yamepandwa kuonyesha mpaka. Miaka minne baadaye, mwaka 1990, sisi watoto tulisikia wakubwa wakizungumzia uamuzi wa Mahakama Kuu kule Mwanza juu ya mwanamke wa Kihaya na shamba la ukoo. Mwaka 1999 ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji, iliyompa mwanamke haki sawa. Pale juu ya mfereji migomba ya Shangazi ilikuwa imeshazaa mara nyingi.

Tusimfanye malaika. Bibi alikuwa na ulimi, na akikasirika hakukasirika kidogo. Aliwahi kukaa miaka miwili hasalimiani na jirani kwa sababu ya zamu ya maji ya mfereji, na huyo jirani alikaa naye benchi moja kanisani. Waliimba kutoka kitabu kimoja cha Mwimbieni Bwana bila kutazamana. Siku moja Bibi alikata jani la isale, akaenda nalo hadi mlangoni kwa jirani, akalishika mbele yake bila kusema neno. Kwa mila zetu anayeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Mjukuu mmoja aliyekuwa amerudi kutoka seminari akamuuliza kama hayo si mambo ya kipagani. Bibi akamwambia Mungu ndiye aliyeotesha isale, tena kabla ya seminari.

Katika miaka mitatu ya mwisho hakutoka kitandani sana. Sisi tulituma fedha kwa simu. Shangazi ndiye aliyemgeuza, akamwogesha, akamsomea kwa sauti ile Biblia ya jalada la kushona. Watoto wa kiume walikuja Desemba, kama sote tunavyokwenda Desemba, na barabara ya Moshi mnaijua inavyojaa. Desemba ya mwisho aliwaita wote chumbani, akawaambia mahali atakapolazwa, pembeni ya Babu. Kisha akaagiza upande wake wa pili paachwe nafasi ya kaburi moja, na pazungushiwe masale siku ile ile, akiwa bado anaona. Nafasi hiyo ni ya Shangazi. Kwetu binti ambaye hakuolewa akifariki, mjadala wa azikwe wapi unaweza kuanza kabla hajaoshwa, na wengi wenu humu mmeushuhudia. Bibi alisema hataki mtu abishane juu ya maiti ya mwanawe. Kaka zetu wakubwa walipanda masale hayo wao wenyewe, naye alinyanyuliwa dirishani kutazama.

Sasa tuje kwenye lililotuleta hapa. Msiba ulipokwisha, familia ilianza kujadili kaburi. Kundi la WhatsApp la ukoo lina watu 74, na kwa mwezi mzima halikulala. Lilikuja pendekezo la marumaru, vyuma, na kibanda cha bati juu yake. Makisio yaliletwa, na mpigo wa kwanza uliwashtua hata wanaoishi Ulaya. Waliolitaka walikuwa na hoja, na ni haki tuiseme: mwanamke aliyebeba ukoo mgongoni miaka 70 asilale chini ya saruji tupu, na watu wa nyumbani wasije wakasema watoto wake wamekula michango. Waliolipinga walitaja ubao wa kanisa na kitambaa cha mafuta ya taa.

Tulipiga kura. Kaburi limejengwa kwa saruji na msalaba, na mwaka wa kufariki, kwa sababu wa kuzaliwa hatuujui. Tofauti ya makisio imeelekezwa kwenye jengo la wazazi la zahanati yetu, ambalo ramani yake mnayo katika kurasa za mbele za kijitabu hiki. Baba zetu wawili hawakuridhika na uamuzi huo hadi leo. Wamekuja, wamekaa kule nyuma, na wamelipa sehemu yao kamili, kabla ya baadhi yetu tuliopiga kura ya ndiyo.

Kuhusu jengo hilo hatuna haja ya kueleza mengi. Mama wa kwetu anaposhikwa na uchungu usiku wa masika, safari ya kushuka hospitali bado ni safari. Gari sasa lipo, utelezi upo vilevile. Chumba kilichopo ni kimoja, na pazia. Fundi anasema kinachosubiriwa ni paa, tangi la kuvuna maji ya mvua, na nyumba ya mkunga ili alale pale pale. Shangazi alipoonyeshwa ramani aliuliza swali moja tu, kama dirisha la chumba cha kujifungulia linatazama barabara au migomba. Linatazama migomba. Akasema vema.

Katika madaftari yale 31 tulitafuta safu ya ahadi. Haipo. Kuna alichopata na alichotoa. Mhazini wetu anatabasamu, anajua kwa nini tunalitaja hilo, na vitabu vyake vya miaka mitatu iliyopita viko wazi kwa mwanachama yeyote anayetaka kuona safu yake mwenyewe.

Kwa hiyo familia haitoi ahadi leo. Tumemkabidhi Mhazini shilingi 6,400,000 kabla ya chakula, na amezihesabu mara mbili, jambo ambalo Bibi angelipenda. Tulipoulizwa stakabadhi iandikwe kwa jina gani, wengine walitaka jina la ukoo. Shangazi akasema iandikwe "Wanawake wa Benchi la Tatu", na ndivyo ilivyoandikwa. Anayo kwenye mkoba wake.

Amekuja pia na mikungu mitatu ya mshare kutoka kule juu ya mfereji, iliyosafiri na basi la usiku. Iko mlangoni, na mnada unaanza baada ya chakula. Bei ya kuanzia ameipanga mwenyewe na ametuonya tusiishushe.